SOMO LA AFYA: DAFTARI LA NGUVU ZA MWILI



Kila katibu wa chama anajua kwamba daftari la fedha lina pande mbili: mapato na matumizi. Mwili wa binadamu nao una daftari la namna hiyo. Chakula ndicho mapato. Mapigo ya moyo, kupumua, joto la mwili, kulima na kutembea ndiyo matumizi. Kazi hii ya kugeuza chakula kuwa nguvu huitwa umetaboli. Somo hili laeleza jinsi matumizi hayo yanavyopimwa, na yale ambayo kipimo hicho hakiwezi kutuambia.

Jinsi kipimo kinavyofanywa

Mpimwaji hufika asubuhi kabla ya kula, kunywa kahawa au kuvuta sigara. Hupumzika kimya, kisha hupumua ndani ya kifuniko kilichounganishwa na mashine. Mashine hupima oksijeni anayoitumia na kabonidioksaidi anayoitoa. Tuseme ametumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Kwa siku nzima ni lita 360. Kila lita ni sawa na takriban kilokalori 4.8, hivyo hata akipumzika kutwa kucha hutumia kiasi cha kilokalori 1,700. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, hiyo ni takriban asilimia 60 hadi 70 ya matumizi yake yote. Wanamichezo nao hupimwa wakikimbia au wakiendesha baiskeli ya mazoezi, ili ujulikane upeo wa oksijeni ambao mwili waweza kuutumia.

Mambo mawili ya kuzingatia

Kwanza, wengi hudhani kwamba mtu hunenepa kwa kuwa mwili wake hutumia nguvu kidogo. Kwa kawaida sivyo. Mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi kuliko mdogo, hata katika mapumziko. Basi wanachama wajihadhari na wauzaji wa dawa za "kuamsha mwili uliolala".

Pili, mtu apunguapo uzito, matumizi yake hupungua pia. Chakula kile kile kilichompunguza mwanzoni huja kumtosha tu, na mizani husimama. Asidhaniwe kuwa anakula kwa siri, wala asikate tamaa. Hana budi kupanga hesabu upya.

Yasiyoonyeshwa na kipimo hiki

Kipimo cha pumzi hakigundui kisukari. Ugonjwa huo hupimwa katika damu, mtu akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi. Sukari ikifikia milimoli 7.0 kwa lita au kuzidi, ni ishara ya kisukari; asiye na dalili hurudiwa kupimwa siku nyingine ili kuthibitisha. Hata mwembamba aweza kuwa nacho. Kwa hiyo asiyeweza kuifikia mashine asidhani amekosa yote: kupima sukari, shinikizo la damu, uzito na kiuno ni mwanzo mzuri.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtu atumiaye mililita 200 za oksijeni kwa dakika akipumzika, hutumia kilokalori ngapi kwa siku?
2. Kwa nini mizani husimama ijapokuwa mtu hajaongeza chakula?
3. Chama chetu kifanye nini ili wanachama wapimwe sukari na shinikizo la damu siku ya mkutano mkuu?