Unarudi, unakuta mtu ndani ya nyumba yako: sheria inasema nini?



Tuseme jamaa moja ya Bunia ilikuwa na parsele mjini. Vita ikaikimbiza mpaka ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda. Inarudi, inakuta jamaa ingine inalala ndani ya nyumba na imepanda mihogo nyuma. «Sisi tulinunua,» wanasema. Nani ana haki?

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na parsele ikishaandikishwa, haki hiyo inaonyeshwa na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri wa vyeti vya ardhi. Barua ya kuuziana yenye sahihi ya chifu wa mtaa ni ushahidi, lakini siyo cheti. Wengi wanachanganya hapo, na tunawaelewa: muhuri ni muhuri machoni pa mtu.

Mwenye cheti anaweza kumshitaki mkaaji mbele ya Tribunal de grande instance na kuomba aondolewe. Kukimbia vita siyo kuuza. Lakini hata ukishinda, usimtoe wewe mwenyewe, wala usilipe askari amtoe usiku. Hukumu inatekelezwa na mjumbe wa tribinali aliyewekwa kwa kazi hiyo. Mwenye haki akishika panga, anageuka mshitakiwa, na mtaa mzima unaweza kuwaka kwa ajili ya nyumba moja.

Kuna hatari ingine ambayo kambini haisemwi sana. Wakati haupo, mtu anaweza kujiandikisha parsele yako kwa jina lake. Kifungu cha 227 kinakipa cheti nguvu kubwa: miaka 2 ikipita, hakivunjwi tena, na wewe unabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo usingoje mpaka siku ya kurudi. Tuma ndugu mwaminifu kwa konservateri aulize parsele imeandikwa kwa jina la nani. Ukisikia kuna udanganyifu, peleka mashitaka mapema.

Na ile jamaa iliyonunua? Pengine nayo ilikimbia vita kwao, ikatoa pesa yake yote kwa tapeli. Sheria inairuhusu kumdai aliyewauzia. Tunaomba viongozi waiambie hivyo waziwazi, kwani mtu anayejua atafuata pesa yake wapi anatoka kwa urahisi kuliko mtu anayeona anatupwa barabarani.

Mashamba ya kijijini, yale ya desturi, kwa kawaida hayana cheti. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda pia mali iliyopatikana kwa desturi. Kesi hizo zinaenda Tribunal de paix, na hapo majirani wanaojua mipaka ni wa lazima. Andikeni majina yao sasa, wazee wakingali hai.

Kama cheti chako kiliungua na nyumba, usikate tamaa. Cheti kinaandikwa mara mbili: kimoja kinabaki ndani ya kitabu cha konservateri. Nenda na jina kamili la aliyeandikishwa, namba ya parsele kama unaikumbuka, na jina la mtaa.