Unauza ng'ombe mtandaoni? Kijana wako asikae nyuma na dume

Wauzaji wenzangu, Idi ya kuchinja ikikaribia oda zinamiminika WhatsApp, na wengi tunapakia mnada wa Pugu kuja huku Mapinga. Nauli tunabishana mpaka jasho, ila kijana anayepanda nyuma na ng'ombe hakuna anayemuongelea.

Asikae humo. Dereva akikanyaga breki ghafla Barabara ya Bagamoyo, dume linasukumwa mbele na uzito wake wote, na aliyebanwa kwenye bodi hana pa kukimbilia. Akae mbele na dereva. Nafasi hakuna? Afuate na bodaboda, hela hiyo iingize kwenye bei.

Kamba asijizungushie mkononi hata kidogo, dume likishtuka vidole vinaenda nayo. Lifungwe kwa kamba fupi, fundo la kuvuta mara moja linaachia. Wakati wa kushusha, rudisha gari kwenye tuta la udongo ili ng'ombe atembee mwenyewe. Mlango ukifunguliwa mtu asimame pembeni, kamwe asiwe katikati ya ng'ombe na njia ya kutokea. (Na wale wa kurekodi video, nanyi pia!)

Kibali cha kusafirisha mifugo chukua kwa afisa mifugo kabla hujapakia.