Picha za Ibada za Kale na Isnadi Yake

Kijana mmoja wa darasa letu hapa Machakos alituletea nakala za picha za kale za ibada za mataifa, akauliza: Je, ndivyo walivyoabudu watu hao?

Picha hizo ni za Bernard Picart, Mfaransa aliyehamia Uholanzi mwaka 1710. Kitabu alichokitia picha kilianza kutoka Amsterdam mwaka 1723, na sisi Waislamu tumo ndani yake. Mayahudi wa Amsterdam aliwaona kwa macho yake, kwa hiyo picha zao zina uzito. Ama watu wa Afrika, Bara Hindi na Marekani hakuwafikia; alitegemea vitabu vya wengine. Kwa istilahi yetu, isnadi imekatika.

Tena iko ila katika kazi yenyewe. Mchongaji huchora kwa ncha ya chuma juu ya bamba la shaba, hulitia wino, kisha hulikandamiza karatasi. Kilicho kulia hutoka kushoto. Basi anayenakili picha iliyokwisha pigwa chapa, asipoigeuza kwanza, humfanya mtu atoe sadaka kwa mkono wa kushoto. Na msomaji wa mbali ataapa kuwa hiyo ndiyo ada yao!

Tutazame mfano wa hapa. Wakamba wa zamani walikuwa na ithembo, mahali pa sadaka, aghalabu chini ya mti wa jamii ya mkuyu. Wazee wakichinja mbuzi, wakimimina maziwa na pombe kwa ajili ya aimu, roho za wafu, na wakiomba mvua. Sanamu haikuwapo. Mchongaji aliyezoea masanamu ya Kirumi angalisimamisha moja pale. Na mwanzoni mwa miaka ya 1890 afisa wa kampuni ya Kiingereza iliyoshika Machakos aliona mti tu, akaukata uwe mlingoti wa bendera, uadui ukazuka.

Hatusemi ithembo ni haki, ni shirki. Lakini kumzulia mshirikina ni uwongo vile vile, na Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari. Hisham ibn al-Kalbi aliandika kitabu kizima juu ya masanamu ya Waarabu wa Jahiliya, wala hakuyaabudu. Na wale wa kwetu pwani wapelekao ubani na vitambaa mapangoni wasiwe wa kwanza kucheka.

Kijana tumemwambia aende kwa wazee wa Kikamba, aandike wasemayo na nani kayasema, kisha ndipo azirudie picha zake.