Dondoo muhimu: Kusali huku moyo unasitasita

Mwenye shaka asijifanye jasiri mbele za Mungu. Katika Marko 9, baba wa mtoto mwenye pepo alimwambia Yesu waziwazi kwamba imani yake ina upungufu, na mwanawe akaponywa. Shaka itajwe ilivyo, iwe ya kazi, ya ugonjwa au ya makaratasi ya uhamiaji.

Maneno yakikauka, zaburi zipo. Wamonaki Wabenedikto waliofukuzwa Beuron, Ujerumani, walifika Erdington, Birmingham, Uingereza, mwaka 1876, na desturi ya shirika lao ni kusali zaburi kwa saa maalumu, moyo uwe na ari au umechoka. Zaburi ya 88 inafaa sana: inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na bado ni sala.

Saa ya kusali ipangwe, hata dakika tano kabla ya kuingia zamu.

Tena, kuwa na swali gumu si kukana imani. Padri Mkatoliki John Henry Newman, aliyeishi Edgbaston, humohumo Birmingham, alilitetea hilo mwaka 1864 katika kitabu chake Apologia. Maswali hayo yapelekwe kwa padri, mchungaji au mzee wa kanisa anayejua kusikiliza. Na usingizi ukikosekana wiki hadi wiki kwa mahangaiko hayo, daktari naye aonwe.