Usimuulize mwalimu "anaendeleaje"

*Shangazi, nauza samaki wa kukaanga hapa Mbagala. Mwanangu wa pili yuko Darasa la Tatu, shule ya serikali. Muhula uliopita amekuwa wa 71 kati ya 98, na Hisabati amepata 14 kati ya 50. Kikao cha wazazi kilichopita tulizungumzia uji na madawati tu. Nilipomfuata mwalimu wake kumuuliza mtoto anaendeleaje, akanijibu, "Anajitahidi, mama, mhimize nyumbani." Nimhimize nini? Mimi mwenyewe niliishia Darasa la Saba, naona aibu kumhoji mwalimu. Baba yake anasema dawa ni tuisheni na fimbo. Kikao kingine ni wiki ijayo. Nimuulize nini?*
*Mama Samaki*

Mwanangu,

Aibu iweke kando kwanza. Mwalimu anajua somo, wewe unamjua mtoto. Unajua analala saa ngapi, anaogopa nini, siku gani huamka akilalamika tumbo. Hayo mwalimu hana pa kuyapata ila kwako.

Wala usimlaumu kwa jibu lile. Serikali imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, naye ana 98. Ukimuuliza "anaendeleaje" atakujibu "anajitahidi", na nyote wawili mtaondoka mikono mitupu. Muulize swali ambalo hawezi kulijibu bila kufungua daftari la mtoto.

Kwa hiyo nenda nalo daftari la Hisabati. Lifungue penye makosa, useme: "Mwalimu, naomba unionyeshe anapokwama." Kisha uliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, hesabu hazijui, au swali halisomi vizuri? Wako watoto wengi wanaoweza 52 kutoa 27, lakini wakiandikiwa "Mama ana samaki 52, ameuza 27, wamebaki wangapi?" wanakwama. Mtoto wa namna hiyo tatizo lake ni kusoma, na tuisheni ya Hisabati haitamsaidia. Hili unaweza kulipima leo jioni. Mpe swali la namna hiyo alisome mwenyewe. Akishindwa, msomee wewe. Akilipata baada ya kusomewa, umeshajua pa kuanzia, na mwalimu atafurahi kulisikia.

Pili, uliza anakaa wapi darasani na kama anaona ubaoni. Katika darasa la watoto 98, aliyeko nyuma mwenye macho hafifu hunakili kwa mwenzake, makosa na yote. Mwalimu akikuambia mtoto hukunja uso anapotazama ubao, omba asogezwe mbele, nawe umpeleke akapimwe macho.

Tatu, uliza akishindwa huwa anafanya nini. Hunyoosha mkono, huuliza jirani, au hunyamaza? Anayenyamaza mara nyingi anaogopa kuchekwa au kuchapwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na baba yake: fimbo humfundisha mtoto kuficha daftari, haimfundishi hesabu ya kutoa.

Nne, omba kuona mahudhurio yake. Siku anazokosa au kuchelewa huenda ni zile zile zenye kipindi cha Hisabati.

Mwisho uliza: "Nifanye jambo gani moja nyumbani kwa mwezi huu, na nije lini tuangalie limefika wapi?" Jambo moja tu, na tarehe. Mkiafikiana asome ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni wakati unakaanga samaki, hilo utaliweza. Wala huhitaji elimu kubwa kusikia kama anasoma au anabahatisha.

Nafasi ya 71 iache. Inakuambia wenzake wamepata nini, haikuambii mwanao hajui nini. Anaweza kujifunza mengi muhula huu akabaki wa 71 kwa sababu na wenzake wamejifunza.

Maswali haya usiyaulize mbele ya kikao. Yaandike kwenye karatasi, umwone mwalimu mapema, umsalimie, umwambie unaomba dakika kumi kuhusu mtoto. Akiwa na foleni ya wazazi, muombe akupangie siku nyingine. Na kabla hujaondoka, muulize mwalimu mtoto anafanya nini vizuri. Jibu hilo ndilo la kwanza utakalompa mwanao ukifika nyumbani, kabla ya habari ya 14 kati ya 50.

Usisubiri mpaka mwakani, maana Darasa la Nne lina upimaji wa kitaifa, na asiyesoma vizuri hukwama katika kila somo, si Hisabati peke yake.

Na baba yake mwende wote. Kabla hajatoa pesa ya tuisheni, amsikie mwalimu kwa masikio yake akisema mtoto anakwama wapi.

*Shangazi*