Geti likibamizwa, moyo unaruka

Mdogo wangu, umeniuliza kwa nini hadi leo geti likibamizwa unashtuka mpaka sufuria inakuponyoka, wakati yule mwanamume aliyekuwa akikupiga mliachana zamani, chumba ni chako na ufunguo unao mwenyewe. Shangazi anasema imani yako ni haba. Majirani wanasema umezidi woga. Mimi nakataa yote mawili.

Ndani kabisa ya ubongo kuna kisehemu kidogo kiitwacho amigdala, na kazi yake ni kunusa hatari kabla hujapata hata nafasi ya kufikiri. Kishindo kikifanana na kile cha zamani, amigdala haiulizi leo unaishi wapi. Habari inashuka kwenye mishipa ya fahamu hadi tezi zilizo juu ya figo, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, koo linakauka, tumbo linasokota. Mwili wako haujaharibika. Ulijifunza kukulinda kule ulikokuwa, na bado haujasadiki kwamba umeshatoka.

Ndiyo maana kujiambia "tulia" hakutoshi. Kuna neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Hebu weka vidole kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika. Ukivuta pumzi yanaharakisha kidogo; ukiitoa polepole yanapungua. Basi vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita, dakika chache kila jioni. Zoea siku za utulivu, usingoje geti. Na ukae karibu na watu wenye sauti ya upole, maana mwili hupima usalama hata kwa sauti ya mtu.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Kama anayekupiga bado yumo ndani, au anakufuatafuata, woga wako unasema kweli na pumzi si dawa yake. Tanzania, nenda polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, piga 1195, ni bure. Na kama wiki zinapita hulali wala huli, muone mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Tafadhali usiende peke yako, mchukue mtu unayemwamini.