Dawa ya Huzuni Isipofaa

Katika nyumba nyingi neno hili husemwa kwa sauti ya chini: mgonjwa wetu amemeza vidonge miezi mitatu, na bado hali chakula wala hapati usingizi. Ndipo jamaa hukata tamaa, na wengine humdhania kuwa ni mvivu asiyetaka kupona. Sivyo hata kidogo.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haitii kila dawa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2006, yapata theluthi moja tu ya wagonjwa ndio walioondokewa na dalili kwa dawa ya kwanza. Matabibu huuita ugonjwa huu sugu pale tu dawa mbili, kila moja kwa kipimo kitoshacho na kwa majuma ya kutosha, zimekwisha kujaribiwa bila kufaa.

Basi daktari mwema huuliza kwanza: vidonge vilimezwa kila siku? Mgonjwa hanywi pombe? Tezi ya shingoni haina ila? Kisha aweza kubadili dawa, au kuongeza nyingine juu yake, kama vile lithiamu. Aweza pia kuongeza tiba ya mazungumzo. Huko Uingereza, kati ya wagonjwa ambao dawa haikuwafaa, 46 katika kila 100 walioongezewa tiba hiyo walipata nafuu kubwa katika miezi sita. Wenzao waliobaki na matunzo ya kawaida walikuwa 22. Nasi huyaita maneno matupu!

Iko tena tiba ya umeme wa kichwani, ambayo jina lake tu hutisha. Cerletti na Bini waliianzisha Roma mwaka 1938, na zamani zile ilitolewa bila nusukaputi. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi, na misuli yake hulegezwa kwa dawa. Yaweza kusahaulisha mambo, pengine hata ya zamani, wala hatulifichi hilo. Lakini kwa sonona kali ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko zote.

Jamaa wasimwachishe mgonjwa dawa kwa ghafula. Waendapo kliniki wachukue vidonge vyote, hata vilivyosalia, daktari avione. Na mgonjwa akisema amechoka kuishi, wasingojee tarehe ya kliniki: wampeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.